Mgeni wa Kanisa Yuko Mtaa wa Pili

Kurasa za intaneti za makanisa mengi madogo ya Bungoma na Kitale zimeandikwa kwa mtindo mmoja. Juu kuna picha ya mchungaji ameshika maikrofoni. Chini yake watoto wamepangwa mstari mbele ya jengo la mabati, baadhi yao miguu mitupu. Maelezo ni ya Kiingereza, nayo yanahusu mayatima, wajane, kisima kisichochimbwa na paa lisiloezekwa. Mwisho kuna anwani ya barua pepe na ombi kwa mshirika yeyote atakayeguswa moyo. Ambacho hukioni ni saa ya ibada. Huelezwi kama mahubiri ni ya Kiswahili, Kiingereza au Lubukusu. Huambiwi ushuke stegi gani ukitoka Webuye, wala umpigie nani ukipotea njia. Ukurasa wa namna hiyo haukuandikwa kwa ajili ya mtu anayeweza kufika Jumapili. Umeandikwa kwa ajili ya msomaji aliye Marekani au Uingereza, ambaye hatafika kamwe. Kisha wazee wa kanisa huketi kikaoni na kuuliza kwa nini intaneti haijawaletea wageni. Jibu langu ni kwamba haijawaletea kwa sababu hawakuitumia kumkaribisha mgeni aliye karibu, na kwamba kanisa la eneo hili likitaka kuongeza wageni linapaswa kugeuza uso wa ukurasa wake, likiache kidogo kile kilicho ng'ambo na kumtazama jirani.

Kwanza tujue mgeni huyo ni nani. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya walijitambulisha kuwa Wakristo. Maana yake ni kwamba katika kaunti kama Bungoma, iliyohesabiwa watu 1,670,570, na Trans Nzoia, iliyohesabiwa watu 990,341, ni wachache wanaotafuta kanisa kwa sababu hawajawahi kusikia Injili. Wengi wa wanaotafuta ni watu waliokuwa na kanisa mahali pengine, halafu wakahama. Kitale yenyewe ni mji wa wahamiaji tangu mwanzo: walowezi wa Kizungu na vibarua wao, reli iliyofika 1926, kisha baada ya uhuru familia kutoka jamii nyingi zilizonunua au kugawiwa mashamba ya walowezi hao. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019 watu wa Trans Nzoia waliongezeka kutoka 818,757 hadi 990,341. Ugatuzi ulipoanza 2013, Kitale na Bungoma zikawa makao ya serikali za kaunti, zikavuta makarani, wahasibu na wauguzi. Chuo Kikuu cha Kibabii kilipata hati yake 2015 na kila mwaka hupokea vijana ambao hawana shangazi wala mjomba Bungoma. Mwaka 2018 Tume ya Kuajiri Walimu ilianza kuwahamisha wakuu wa shule kutoka kaunti zao za nyumbani, na mwalimu mkuu wa Kirinyaga akajikuta Kimilili. Ongeza wenye magari ya mizigo wanaolala Bungoma wakielekea Malaba, na wafanyakazi wa mashirika wanaopita Kitale wakienda Lodwar. Hawa ndio wageni. Wana simu, wana imani, na Jumamosi jioni hawajui waende wapi kesho yake.

Tumfikirie mmoja wao kwa karibu: muuguzi aliyehamia Kitale wiki iliyopita kuanza kazi katika hospitali ya rufaa ya Wamalwa Kijana. Alilelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Quaker. Anaandika kwenye simu jina la dhehebu lake na neno Kitale. Ramani inamletea majina kadhaa yanayokaribiana, mengine yamewekwa na mpita njia miaka iliyopita, mengine yana picha ya lori badala ya jengo. Marafiki wa Kenya wana Mikutano ya Mwaka, yaani mabaraza yanayosimamia makanisa yao, zaidi ya kumi, na jina la jumla halimwambii lipi ni lipi. Anataka kujua mambo machache tu: ibada ya kwanza inaanza saa ngapi, kwa sababu zamu yake ni ya mchana, lugha ni ipi, kwa sababu yeye ni wa Vihiga na Lubukusu anausikia nusu nusu, kuna darasa la watoto au atamshika mwanawe saa tatu nzima, na boda kutoka stendi ni shilingi ngapi. Akipata kanisa linalojibu maswali hayo, ataenda huko hata kama si la Marafiki. Asipopata atalala, na Jumapili inayofuata kulala kutakuwa rahisi zaidi. Tatizo la makanisa mengi ya Kitale si kukataliwa na wageni. Wageni hawayaoni.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi, na ndiyo sababu inanishangaza kuona harambee zikiitishwa kununua kamera kabla dawa hiyo haijajaribiwa. Kuliweka kanisa kwenye ramani ya Google hakulipiwi chochote. Linalotakiwa ni mtu mmoja asimame langoni, aweke pini mahali penyewe, kwa maana pini iliyowekwa mezani kwa kukisia humpeleka mgeni kwenye shamba la mahindi la jirani. Kisha aandike jina kamili kama lilivyo kwenye ubao wa barabarani, siku na saa za kila ibada na lugha yake. Apige picha ya lango na ya barabara inayoingia, si ya mimbari tu, kwa sababu mgeni kwanza huliona lango. Maelekezo yaandikwe jinsi watu wanavyoelekezana: shuka sokoni Chwele, fuata njia ya murram inayopita kando ya kinu cha posho, jengo la bati la buluu mkono wa kushoto. Halafu iwekwe nambari ya simu, na hapa ndipo makanisa mengi yanapoanguka. Nambari ikiwa ya mchungaji, Jumamosi usiku simu imezimwa au iko kwenye chaji huku yeye akiandaa mahubiri. Nambari inayofaa ni ya mama au kijana aliyepewa kazi hiyo na kanisa, anayejua kujibu ujumbe wa WhatsApp kwa upole na kumtumia mgeni pini ya mahali. Jibu la dakika tano, lenye jina la mtu atakayemsubiri langoni, lina nguvu kuliko video yoyote.

Jambo la pili la gharama ndogo ni umiliki. Kurasa nyingi za makanisa hufunguliwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, kwa barua pepe yake binafsi. Akipata kazi Nairobi, nywila huondoka naye, na ukurasa hubaki ukitangaza mkesha wa miaka minne iliyopita. Mgeni akiona tangazo la mwisho ni la zamani hivyo, anaamini kanisa limekufa. Tena hata huduma za bure hukoma: Machi 2024 Google ilifunga tovuti zote zilizotengenezwa bila malipo kupitia wasifu wa biashara, na waliokuwa na ukurasa huo peke yake wakabaki mikono mitupu. Anwani ya barua pepe ya kanisa, nywila iliyoandikwa katika daftari la katibu, na watu wawili wenye ruhusa ya kuhariri: hayo yawekwe kama funguo za kabati la sadaka zinavyowekwa.

Wapo watakaosema kwamba intaneti ni mambo ya Nairobi. Nao wana ushahidi: sensa ya 2019 ilihesabu watu wa miaka mitatu na kuendelea, ikakuta waliokuwa wakitumia intaneti nchini kote ni asilimia 22.6, na vijijini uwiano ulikuwa chini zaidi. Bibi wa Kabuchai hatatafuta kanisa kwenye ramani. Lakini bibi huyo hahitaji kulitafuta, maana analijua tangu lilipokuwa chini ya mti. Hesabu ya asilimia ya wakazi wote haituambii chochote kuhusu wale tunaowazungumzia. Mwanafunzi, mwalimu, muuguzi na karani ni sehemu ya ile karibu robo inayotumia intaneti, na ndio hasa wanaohama. Pia si kweli kwamba njia ya zamani ya kuambiana mdomo kwa mdomo imeshindwa na simu. Imeingia ndani ya simu. Mwenye nyumba wa Kitale akimwambia mpangaji mpya, "Njoo kanisani kwetu," neno linalofuata ni "nitumie location." Kanisa ambalo halina pini linamwacha muumini wake mkarimu akieleza njia kwa mikono. Na redio bado ina kazi yake. Vituo kama West FM ya Bungoma huwafikia wengi ambao hawana bando, na tangazo la redio linaloishia na jina ambalo linapatikana kwenye ramani hufanya kazi mara mbili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wachungaji wenye uchungu wa kweli. Wanasema simu imewaondoa watu kanisani, haikuwaleta. Machi 2020, siku tisa baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, serikali ilisimamisha mikutano ya ibada. Mwezi Julai ibada ziliporuhusiwa tena, zilikuwa za watu wasiozidi 100, kwa saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya miaka 58. Katika miezi hiyo watu walizoea kusikiliza mahubiri wakiwa kitandani, na wengi waligundua kwamba wahubiri wa Nairobi wana sauti safi zaidi na kwaya kubwa zaidi. Nakubaliana na uchungu huo, ila nadhani lawama imewekwa pasipo pake. Kilichowabakiza watu nyumbani ni matangazo ya moja kwa moja, yanayompa mtu ibada nzima bila kumwomba atoke. Kanisa la Misikhu likijaribu kushindana katika uwanja huo litashindwa, kwa kuwa halina mitambo, na bando la kurusha saa mbili kila Jumapili linakula fedha ambazo zingenunua viti. Ninachotetea ni kitu tofauti kabisa. Ukurasa wa mwaliko haumpi mgeni ibada. Unampa njia ya kuifikia. Video ya dakika moja ya kwaya ikifanya mazoezi Ijumaa jioni, ikiwa na sauti ya kawaida na nyuso zinazotambulika mtaani, humfanya msikilizaji atake kuwa hapo. Mahubiri yote ya saa moja na nusu humpa sababu ya kutotoka.

Sasa tufike kwenye suala la wafadhili, ambalo wengi hulikwepa. Mchungaji atasema: jirani hana fedha, mgeni wa ng'ambo anazo, na paa linavuja. Sitamkejeli, maana ushirikiano wa mbali una mizizi mirefu hapa. Marafiki walifika Kaimosi 1902 kutoka Marekani, na kutoka huko kazi ikaenea hadi Lugulu, ambako hospitali yao bado inahudumia watu. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na mwaka 2012 mkutano wao wa dunia ulifanyika Kabarak. Lakini angalia mpangilio wa mambo katika historia hiyo hiyo. Dini ilienea Bungoma kwa sababu walimu na wainjilisti wenyeji walitembea kijiji kwa kijiji wakizungumza lugha ya watu, si kwa sababu barua nzuri ziliandikwa kwenda Marekani. Barua zilisaidia kujenga. Majirani ndio waliojaza.

Tena mbinu ya kuombaomba kwa ukurasa imejiharibia sifa. Kwa miaka mingi watu wasio na kanisa lolote wametuma barua pepe kwa wahubiri wa ng'ambo wakidai kuendesha vituo vya mayatima magharibi mwa Kenya, na wapokeaji wamejifunza kushuku. Kanisa la kweli linapoandika kwa maneno yale yale na kuweka picha zile zile, linajiweka kwenye kapu moja na matapeli. Mfadhili makini wa leo haombi hadithi ya huzuni. Anauliza kama kanisa lipo, kama watu wanaliendea, kama lina uongozi unaowajibika. Ukurasa wenye saa za ibada za wiki hii, picha za wiki iliyopita, na maoni ya wakazi waliofika hujibu maswali hayo bila kuomba chochote. Kwa hiyo hata anayetaka fedha za mbali ana faida ya kuanza na jirani.

Na picha za watoto zina hatari ya kisheria ambayo wachungaji wengi hawajaipima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Ni vibanda vingapi vya mabati vingejengwa kwa fedha hizo? Mbali na faini, kuna heshima. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na nguo iliyochanika, ili mgeni wa mbali amhurumie, atakua, atajifunza kutumia simu, na ataiona picha hiyo. Mama yake, ambaye kila Jumapili hutoa sadaka yake, hakuulizwa. Sioni jinsi kanisa linavyoweza kumwambia jirani karibu huku likimwonyesha ulimwenguni kama ombaomba.

Yupo pia anayeogopa intaneti kwa sababu ya yaliyotokea Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na mhubiri anayeshtakiwa kwa vifo hivyo, Paul Mackenzie, alikuwa amesambaza mafundisho yake kwa runinga na YouTube. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, naiona ikielekeza upande mwingine. Tangu Shakahola, mzazi anayempeleka binti yake Kibabii ana swali jipya: hilo kanisa analokwenda ni la nani? Kanisa linalojificha haliwezi kulijibu. Kanisa linaloandika wazi jina la dhehebu lake, askofu au baraza linaloliongoza, usajili wake kwa Msajili wa Vyama, majina ya viongozi waliokubali kutajwa, na nambari ambayo mzazi anaweza kupiga na kuuliza, limempa mzazi huyo kitu cha kushika. Mackenzie alitumia vyombo vya habari kusikika. Hakuwa akivitumia ili akaguliwe. Ukurasa wa kanisa unapaswa kuwa mahali pa kukaguliwa.

Wengine watauliza kama huku si kuibiana kondoo, kwa kuwa anayekuja kwako ametoka kwa mwenzako. Nimeshasema kwamba wengi wa wageni hawa wameshatoka kwa sababu ya kazi au masomo, na aliyewaacha ni umbali. Yupo anayehama kanisa akiwa mtaa ule ule, kweli, lakini huyo hakuhitaji ramani ili kuhama.

Kinachobaki ni sehemu ambayo simu haiwezi kuifanya. Mgeni akishafika langoni, kazi ya ukurasa imekwisha. Makanisa yetu mengi yana desturi ya kuwasimamisha wageni katikati ya ibada, waseme majina yao, wametoka wapi na kama wameokoka, huku mamia ya macho yakiwatazama. Mwenyeji huona huo ni ukarimu. Mwanafunzi wa miaka 19 aliyekuja mara ya kwanza anaona ni mtihani, na Jumapili ijayo anakwenda kwingine au haendi popote. Badala yake, yule mama aliyejibu ujumbe wake Jumamosi amsubiri langoni, amwite kwa jina, aketi naye, na baada ya ibada ampe chai na kumtambulisha kwa watu wawili wa rika lake. Jumatano amwandikie, si kumwomba sadaka, bali kumuuliza wiki inaendaje. Daftari la wageni ambalo majina yake hayapigiwi simu halina faida yoyote, liwe la karatasi au la kompyuta. Na nambari ya mgeni isiingizwe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kabla hajaulizwa. Wengi huondoka kimya kwa sababu ya jumbe mia moja za usiku.

Wazee wa kanisa wa Kitale na Bungoma mnaopanga harambee ya mitambo mwaka huu, iahirisheni mwezi mmoja. Katika mwezi huo mteueni mtu mmoja na mumpe bando, asimame langoni aweke pini, aandike saa na lugha ya kila ibada, aondoe picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia, na apewe simu itakayopokelewa Jumamosi usiku. Kisha mwezi ukiisha, wahesabuni wageni walioingia kwa ajili ya hayo, na mwamue kama kamera bado ndiyo mnayoihitaji kwanza.